Saa ya Kumsalimia Joyness

Nyumbani kwetu Kitendaguro siku huanza na ndizi. Mkwe wangu Joanitha hukata mkungu kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, kukiwa bado na ukungu. Mimi hukaa kwenye kigoda karibu na jiko, nikimenya. Mwanangu Josia hunywa chai akiwa amesimama, kisha hushuka Kashai kwenye karakana yake ya useremala. Joanitha naye hubeba tenga la parachichi kwenda sokoni.

Mjukuu wangu Joyness huvaa sare, hubeba mkoba, na kuondoka na rafiki yake Sada. Shule yao iko upande wa pili wa kilima. Wao hutumia dakika arobaini. Mimi hutumia saa moja na nusu, kwa sababu vijana hawajui kusimama njiani wakapata habari.

Mimi ni Kokubanza. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaishia hapo. Si kwamba nilishindwa. Niliolewa. Kuna watu wanasema ni kitu kimoja.

Mwaka ule Joyness alikuwa Kidato cha Pili. Mwezi wa sita shule zilifungwa. Alikwenda Rubya, wilayani Muleba, kumsalimia shangazi yake. Asubuhi moja, baada ya mvua, alibeba mkungu wa ndizi kichwani akishuka mteremko. Aliteleza. Mkungu ulibingirika mpaka chini ukafika mzima. Paja la Joyness lilivunjika.

Shangazi yake alimkimbiza hospitalini palepale Rubya. Madaktari walimfanyia upasuaji, wakaunga mfupa kwa chuma. Alilala huko wiki nyingi. Siku ya kuruhusiwa, daktari alituita, mimi na Josia.

"Mfupa umekaa vizuri," alisema. "Lakini unataka muda. Atembee kwa magongo ndani ya nyumba na uani. Kilima, hapana. Pikipiki, hapana kabisa. Mwisho wa mwezi wa kumi mleteni nimwone."

Tulifika nyumbani mwishoni mwa mwezi wa saba. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa. Tulitandika kitanda cha Joyness sebuleni, kama desturi yetu ilivyo. Mgonjwa hafichwi chumbani. Anakaa mahali ambapo watu watamwona.

Watu wote walimpa pole. Yeye alikuwa anatazama dirishani tu.

"Bibi," aliniambia siku ya tatu, "mwezi wa kumi na moja ni upimaji wa taifa. Nisipofanya, nitarudia Kidato cha Pili. Sada na wenzangu wataingia Kidato cha Tatu. Mimi nitabaki na wale wadogo."

"Wadogo wana ubaya gani?"

"Bibi, wale bado wanarushiana chaki."

Nilicheka, yeye akalia. Nikajua kwamba jambo lenyewe ni zito.

*

Jioni moja Josia alirudi kutoka Kashai na uso wa mtu aliyeokota kitu.

"Mama, nimepata shule," alisema. "Iko ndani ya simu."

"Walimu wameingiaje?"

"Mama, usinichekeshe. Ni shule ya mtandaoni. Mteja wangu mmoja ameniambia, mtoto wa ndugu yake anasoma hivyo. Mwalimu yuko Mwanza, wanafunzi wako kila mahali. Wanaonana kwenye simu. Wanaulizana maswali. Kesho nakwenda kule shuleni kumfuta Joyness jina. Namhamishia huku."

Joanitha alikuwa anapakua chakula. Aliweka mwiko chini.

"Baba Joyness, kabla hujafuta jina, muulize Mwalimu Yuster."

Mwalimu Yuster ni jirani yetu. Nyumba yake iko chini ya kibanja chetu. Ndiye mwalimu wa darasa la akina Joyness. Aliitwa, akaja na kitenge begani, akakaa. Josia alimweleza yote kwa furaha. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Ta Josia," alisema, maana kwetu Wahaya mwanaume huitwa Ta kwa heshima, na mwanamke Ma, "kumsomesha mtoto mtandaoni si jambo baya. Kwa mtoto kama huyu, ambaye hawezi kupanda kilima, linaweza kumsaidia sana. Lakini usifute jina."

"Kwa nini? Atakuwa na shule mbili?"

"Ngoja nikuulize wewe. Hiyo shule ya mtandaoni inafuata mtaala wetu wa Tanzania, au wa nchi nyingine?"

Josia alikuna kichwa. "Sijauliza."

"Imesajiliwa?"

"Sijauliza."

"Na mwezi wa kumi na moja, Joyness atakaa kwenye dawati lipi kufanya upimaji? La simu?"

Mimi nilitazama dari. Mtoto wako akiulizwa maswali na mwalimu na hana majibu, hata awe na mvi, unaona aibu wewe.

"Piga simu sasa hivi, uliza yote matatu," alisema Mwalimu Yuster.

Josia alipiga, akaongeza sauti ili sote tusikie. Aliyepokea alikuwa Mwalimu Gideon, mwalimu wa hisabati wa shule hiyo. Alijibu bila kuzunguka.

"Mzazi, sisi tunafuata mtaala wa Tanzania. Hati zetu nitakutumia uzisome. Lakini sisi hatuna kituo cha mitihani. Tunafundisha tu. Upimaji atafanyia kwenye shule aliyoandikishwa. Tafadhali usimwondoe kule."

Josia alikata simu polepole.

"Unaona?" alisema Mwalimu Yuster. "Ungefuta jina, mtoto angesoma vizuri sana, halafu siku ya upimaji angekosa pa kukaa. Kesho chukua barua ya daktari. Twende kwa mkuu wa shule. Kisha tupite ofisi ya elimu, nao wajue. Kila mahali wana utaratibu wao, kwa hiyo tutauliza, hatutabuni. Na tukikubaliana jambo, liandikwe."

Walikwenda. Mkuu wa shule alisoma barua ya daktari mara mbili. Alikubali jina la Joyness libaki kwenye daftari la shule. Walipita na ofisi ya elimu, huko nako wakakubali. Lakini mkuu wa shule aliweka sharti.

"Kila mwisho wa mwezi nataka kuona taarifa ya hao walimu wa mtandaoni," alisema. "Nione anahudhuria na anafanya kazi. Nikiona hasomi, sitamdanganya mtoto wala wazazi. Nitashauri arudie mwaka."

Sharti likaandikwa. Josia akatia sahihi kwa mkono wa fundi, kubwa kama jina la duka.

*

Masomo yalianza mwezi wa nane. Josia aliacha simu yake kubwa nyumbani, yeye akabeba ile ndogo ya tochi. Vipindi vilianza saa mbili asubuhi, vikaisha saa sita na nusu. Katikati kulikuwa na mapumziko, saa nne na nusu mpaka saa tano.

Siku ya kwanza nilikaa pembeni nikatazama. Mjukuu wangu alikuwa anaongea Kiingereza na simu, na simu inamjibu. Nilijaa fahari. Na mimi nikijaa fahari, lazima imwagike kwa watu.

Nilitoka nikamwambia jirani wa juu. Nikamwambia na jirani wa chini. Nikawaambia akina mama wa kanisani. Kwa hiyo wale waliokuja kumpa Joyness pole walirudi mara ya pili, kuja kumwona anavyosoma.

Sasa, kwetu mgeni hapiti hivihivi. Mtoto humsalimia mkubwa kwa magoti, kwa mikono miwili. Anauliza habari za mama wa nyumba. Anauliza ng'ombe. Anauliza yule aliyekuwa na kikohozi. Mkubwa naye anauliza. Mtoto anajibu kila kitu kwa kusema "waitu", yaani kwa heshima. Kisha analeta kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Ndipo mgeni anapojua kwamba amefika.

Joyness hakuweza kupiga magoti. Kwa hiyo aliongeza maneno, ili aibu ya mguu ifunikwe. Salamu moja ikawa ndefu kama mbili.

"Bibi, niko kwenye kipindi," aliniambia kwa sauti ndogo.

"Kipindi kitakimbilia wapi? Msalimie Ta Byabato."

Ta Byabato ni mzee wa kanisa na jirani yetu wa upande wa migomba mikubwa. Yeye akisalimiwa anafumba macho, asikose neno. Siku hiyo Joyness alimsalimia mpaka mwisho. Nikaona si vizuri mwalimu wa kwenye simu aachwe peke yake. Nikaichukua simu, nikamsalimia Mwalimu Gideon kwa Kihaya. Nilimuuliza mke, watoto, na kama Mwanza wana ndizi za kutosha. Baadaye Joyness aliniambia kwamba wanafunzi arobaini walikuwa wananisikiliza. Nilifurahi. Yeye hakufurahi.

Na kulikuwa na ndizi pia. Kumenya ndizi hakuhitaji mguu. Mtu anakaa. Joyness alikuwa amekaa. Nilimwekea beseni na kisu.

"Masikio ni ya mwalimu," nilimwambia. "Mikono ni yangu."

Alimenya. Mwalimu alipouliza swali, vidole vyake vilikuwa na utomvu. Akigusa simu, kioo kinashika weusi. Akishika kalamu, daftari linanata. Mpaka anapata maji ya kunawa, mwalimu ameshahamia swali lingine.

Mwezi uliisha hivyo.

*

Taarifa ya kwanza ilikuja mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Mwalimu Yuster aliileta mwenyewe, jioni. Hakutaka chai.

"Josia, Joanitha, kaeni," alisema. "Ma Kokubanza, na wewe kaa."

Alisoma. Kazi walizopewa wanafunzi zilikuwa ishirini na tatu. Joyness alikuwa ametuma nne. Jaribio la hisabati alipata alama kumi na nane kati ya mia. Chini, Mwalimu Gideon aliandika: "Mwanafunzi huyu ana akili, lakini hayupo. Simu iko darasani, yeye yuko kwenye mambo mengine."

"Mkuu wa shule amesoma," alisema Mwalimu Yuster. "Ameniambia, taarifa ya mwezi huu ikiwa hivi tena, Joyness atarudia mwaka."

Josia aliruka kwa hasira. "Joyness! Simu nimeacha nyumbani, bando nimeweka, wewe unacheza?"

Joyness alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Hakunitaja. Angeweza kunitaja.

Nilijisikia kama mtu aliyekaa kwenye moto.

"Usimgombeze," nilisema. "Anayecheza ni mimi."

"Mama?"

"Mimi ndiye ninayeita wageni. Mimi ndiye ninayempa ndizi. Asubuhi nzima mtoto anasalimia na kumenya. Mtu yeyote angepata kumi na nane. Mimi ningepata sifuri."

Josia alirudi kukaa. Mama ni mama. Huwezi kumwambia apige magoti.

Mwalimu Yuster alinigeukia. Hakukasirika.

"Ma Kokubanza, Joyness alipokuwa anakwenda shuleni kwetu, uliwahi kuja darasani kumwita amenye ndizi?"

"Mimi? Ningethubutu vipi? Kuna geti. Kuna mlinzi."

"Na Ta Byabato, aliwahi kuja katikati ya hisabati asalimiwe?"

"Angekuja angefukuzwa."

"Basi shule ni ileile, Ma. Masomo ni yaleyale. Kilichokosekana hapa ni geti. Mtoto yuko nyumbani, kwa hiyo kila mtu anamwona hana kazi. Si wewe tu. Wazazi wengi wanakosea hapo. Wanaleta simu, wanaleta bando, wanasahau kuleta shule yenyewe."

"Shule yenyewe inaletwaje?" aliuliza Joanitha.

"Kwanza mtoe sebuleni. Akae chumba cha nyuma, chenye dirisha linaloshika mtandao. Awe na meza. Wewe Josia ni fundi seremala, na mtoto wako anaandikia magotini?"

Josia alikohoa.

"Pili, asubuhi avae sare. Ndiyo, hapahapa nyumbani. Akivaa sare atajua yuko shuleni, na ninyi mtajua. Tatu, ratiba ibandikwe mlangoni. Kazi za nyumbani zianze baada ya saa sita na nusu. Nne, mtu mzima mmoja awepo, mtoto asikae na simu peke yake siku nzima. Jioni muulize amefundishwa nini. Hata kama hujui fizikia, muulize. Akikueleza wewe, amejifunza mara mbili."

"Na wageni?" niliuliza. "Nitawafanyaje? Siwezi kuwafukuza watu wanaokuja kuona mgonjwa."

"Hufukuzi. Shuleni wageni wanapokelewa saa ya mapumziko. Joyness awasalimie saa nne na nusu."

"Na wakija saa tatu?"

Mwalimu Yuster alitabasamu. "Hapo ndipo tunapohitaji mlinzi wa geti."

Wote walinitazama. Nimewahi kuitwa majina mengi Kitendaguro. Mlinzi lilikuwa jipya.

*

Josia alitengeneza meza kwa siku mbili. Ilikuwa na mahali pa kusimamishia simu, na kigoda kidogo cha kuinulia mguu. Joanitha alibandika ratiba. Joyness alivaa sare. Sketi ilikuwa imempwaya kwa kulala hospitalini, ikafungwa pini.

Mimi nilihamishia kigoda changu kwenye njia inayoingia kutoka kibanjani. Nilikuwa na beseni la ndizi, kisahani cha kahawa, na sufuria kuukuu. Saa nne na nusu nilipiga sufuria, hayo ni mapumziko. Saa tano nilipiga tena, hapo watu warudi darasani.

Wengi walielewa. Walikaa na mimi, wakatafuna kahawa, tukasengenya mpaka sufuria ilie. Wengine walikaa hata baada ya kumwona mgonjwa. Nadhani mgonjwa hakuwa ndiye aliyewaleta.

Siku ya nne, saa tatu kamili, alikuja Ta Byabato. Alikuwa ameshika mayai kwenye kikapu kidogo. Ndani, Mwalimu Gideon alikuwa anatoa jaribio la hisabati.

"Karibu, Ta Byabato," nilisema. "Kaa hapa. Mtoto yuko darasani."

Alitazama nyumba. "Darasa gani? Namsikia anakohoa."

"Anakohoa darasani. Mapumziko ni saa nne na nusu. Kula kahawa."

"Ma Kokubanza, mimi nisimame nje nikingoja mtoto? Mimi? Mtoto wa Josia hawezi kunisalimia?"

"Nitakusalimia mimi kwa niaba yake."

"Wewe nimekusalimia miaka hamsini. Sikuja kwako."

Nilimsogezea kisahani. Alikitazama, hakugusa. Kwetu mtu akikataa kahawa yako, amekuambia kila kitu. Aligeuka akaondoka. Na mayai aliondoka nayo. Hilo lilizidi kuniuma.

Jumapili, baada ya ibada, wanawake wawili walinisalimia kwa ncha za vidole. Habari ilikuwa imeshafika. Nyumba ya Josia wamefunga mlango. Nyumba ya Josia mtoto hasalimii wazee. Wamepata simu, wamepoteza adabu.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilimwambia Joanitha, "Kesho namwacha aingie. Siwezi kuzeeka bila majirani."

Joyness alisikia.

"Bibi, usimwache," alisema. "Jaribio lile nimepata hamsini na sita."

"Hamsini na sita haitanizika nikifa. Watakaonizika ni hao."

Alisogeza magongo yake karibu, akasema, "Basi mimi ndiye nitakayekwenda."

Jumatatu, sufuria ilipolia saa nne na nusu, Joyness alitoka kwa magongo, na sare yake. Alipita uani polepole, mpaka kwenye mpaka wa kibanja chetu na cha Ta Byabato. Hapakuwa mbali, lakini kwa magongo kila hatua ni safari. Nilimfuata kwa nyuma. Mzee alikuwa anakata majani makavu ya mgomba.

Joyness alisimama. Akamsalimia kwa Kihaya, salamu yote. Hakuruka kitu. Alimuuliza mke wake. Alimuuliza ng'ombe aliyezaa. Alimuuliza mjukuu wake aliyeko Muleba, na kifua cha mzee mwenyewe kilichokuwa kinabana wakati wa baridi. Ta Byabato alifumba macho, kama kawaida yake. Alijibu kwa ukavu mwanzoni. Kisha sauti ikalegea.

Alipofumbua macho, aliona Joyness ameegemea magongo kwa uzito wake wote. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mbona umesimama, mwanangu? Kaa hapo chini."

"Siwezi kupiga magoti, waitu. Na siwezi kukaa kabla hujamaliza kuniitikia."

Mzee alitupa panga chini. Alikuja akamshika kiwiko.

"Kwa nini hukuja kusalimia siku ile nilipokuja?"

"Nilikuwa kwenye jaribio, waitu. Nikikosa, narudia mwaka. Wenzangu wataniacha."

"Hukuniambia, Ma Kokubanza!" alinigeukia.

"Ulinipa nafasi? Uliondoka na mayai yako kama askari."

Mzee alimuuliza Joyness, "Unarudi darasani saa ngapi?"

"Saa tano, waitu."

"Sasa saa ngapi?"

Joyness alitazama saa yake. "Zimebaki dakika nane."

"Dakika nane! Na kwa magongo hayo! Nenda! Mnafanya nini hapa mnanisalimia? Ma Kokubanza, huyu mtoto unamchelewesha!"

Mimi, tena. Lakini nilinyamaza. Kuna ugomvi ambao mtu mwenye akili anaushinda kwa kufunga mdomo.

Kesho yake alikuja na mayai, saa nne na nusu kamili, wala si dakika moja kabla. Na Jumapili iliyofuata alisimama nje ya kanisa akawaeleza watu jinsi mtoto anavyosoma mtandaoni. Aliwaambia jina lisifutwe shuleni. Aliwaambia mtoto avae sare, apewe chumba na meza. Aliwaambia kwamba atakayemwita mtoto kabla ya sufuria kulia hana adabu. Alieleza vizuri, kama ni yeye aliyeligundua. Wale wanawake wawili walinishika mkono mzima.

*

Taarifa ya mwezi wa tisa ilikuwa na kazi ishirini na mbili kati ya ishirini na nne. Mkuu wa shule aliisoma, akaiweka kwenye faili, akamwambia Mwalimu Yuster, "Aendelee."

Si kila siku ilikuwa nzuri. Kuna siku umeme ulikatika, simu ikazima katikati ya baiolojia. Kuna wiki mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi. Siku hizo Sada alipita jioni na madaftari yake, wakanakili pamoja. Joyness alifurahi zaidi siku za Sada. Nilimwambia Mwalimu Yuster.

"Ni sawa," alisema. "Simu inafundisha, lakini haiwezi kuwa rafiki. Mwache Sada aje kila Jumamosi, hata kama mtandao ni mzuri."

Jioni Joyness alinieleza alichofundishwa. Nilijifunza kwamba moyo una vyumba vinne. Nilimwambia wa marehemu babu yake ulikuwa na zaidi, maana kila mwanamke alipata pa kukaa. Alicheka mpaka akashika paja.

Mwisho wa mwezi wa kumi tulimrudisha Rubya. Daktari alipiga picha, akaitazama kwenye mwanga.

"Umeunga," alisema. "Aanze kukanyaga. Polepole, kwa gongo moja."

Mwezi wa kumi na moja Josia alikodi gari kwa siku zote za upimaji. Joyness alikaa kwenye dawati lake, shuleni kwake, kwa jina lake ambalo halikufutwa. Mimi nilibaki nyumbani nikapika. Nilipika vibaya, chumvi mara mbili, kwa mawazo.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza. Josia aliyaona kwenye simu akiwa karakanani, akafunga kazi mapema, akapanda kilima anakimbia na vumbi la mbao kichwani. Joyness alikuwa amefaulu. Hakuwa wa kwanza. Hisabati alipata C, na Mwalimu Gideon alipiga simu kusema kwamba ile C aliipenda kuliko A za wengine. Alipomaliza aliomba aongee na mimi. Tulisalimiana kwa urefu, maana hakukuwa na kipindi.

Shule zilipofunguliwa, Joyness alivaa sare, akabeba mkoba, akatoka mlangoni kwa miguu yake. Nilisimama njiani nikamtazama. Bado anachechemea kidogo panapopanda. Pale juu kilimani, Sada na wasichana wengine watatu wa Kidato cha Tatu walikuwa wamesimama. Hawakuwa na haraka. Walikuwa wanamngoja mwenzao.